Mkanjala wa Nyuma ya Ukuta

Wiki mbili zilizopita binti wa marehemu Mwalimu Righa alinipigia simu akaniomba niseme machache kwenye mazishi ya baba yake. "Mzee, ni wewe tu uliyebaki kati ya waliofundisha naye zamani zile za Mbololo. Dakika kumi tu." Dakika kumi! Mimi nikianza kusimulia nilivyonunua kiberiti, watu hukosa basi. Basi nikapanda mlima na suti yangu, nikasema dakika arobaini, nikawachekesha waombolezaji mpaka kasisi akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Niliwaambia jinsi Righa alivyokuwa akipuliza filimbi ya shule kwa nguvu hata gari moshi likasimama huko chini Voi, dereva akidhani ameitwa. Niliwaambia alivyofundisha kuimba na mbuzi wa kijiji wakajifunza sauti ya tatu. Watu wakasema, mzee huyu bado yumo. Lakini katika dakika zile zote arobaini kulikuwa na jina moja nililolizunguka, kama mtu anavyozunguka nyumba yenye mbwa mkali, na nilipokuwa nikishuka nikajiona mwongo. Si kwa yale niliyoyaongeza. Kuongeza ni desturi yangu na Righa mwenyewe alinizoea hivyo. Ni kwa lile nililolipunguza. Nitaliandika hapa, na nitajitahidi nisiongeze kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipofanywa hedimasta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Elimu yangu niliipata usiku, katika chumba kimoja nyuma ya soko la Voi, na mchana nikipakua magunia stesheni, kwa hiyo Kiingereza changu kilinuka mafuta ya taa na hesabu zangu zilinuka katani. Nilipopata cheti na kuongezewa kozi fupi ya ualimu, nilijiona nimesoma kuliko gavana. Hedimasta wa kule juu Mbololo alikuwa amehamishwa ghafla, mwingine hakupatikana upesi, nikapelekwa mimi. Shule yenyewe ilikuwa majengo mawili ya udongo yaliyoezekwa nyasi, madarasa manne, kengele ya kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya stoo. Upande wangu kulikuwa na meza, kiti kimoja na picha ya Malkia. Upande wa pili kulikuwa na majembe, mbegu za maharage, na panya mmoja mkubwa hata nilimfikiria kuwa mwalimu wa zamu. Righa alinikuta nikipanga kalamu juu ya meza ile. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mitano na amesomea ualimu kwa mchana kweupe, tena kwa miaka miwili, na kiti kile kilikuwa haki yake, ila aliwahi kubishana na msimamizi wa shule. Aliniangalia viatu, maana vilikuwa vinang'aa kupita kiasi, akasema, "Karibu, Hedimasta. Hapa mlimani tunavaa viatu siku ya kuzikwa, lakini wewe anza mapema." Nikampenda papo hapo.

Siku ya kuandikisha watoto wapya nilitoa meza nje uwanjani. Siku zile mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake ulipimwa kwa mkono: anaupitisha juu ya utosi, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, amefika umri wa shule. Visipogusa, arudi nyumbani akakue. Nafasi zilikuwa arobaini, na watoto waliokuja na mama zao walijaza uwanja mzima. Wa kwanza kuletwa mbele alikuwa mjukuu wa mzee wa mtaa, kitoto kimenona vizuri, mkono ukaishia katikati ya kichwa. Babu yake akanong'ona, "Mwalimu, kivute kidogo." Nikasimama, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee wangu, sikio ni sikio. Hata angekuwa mtoto wa Malkia." Watu wakaguna kwa heshima. Nilijiona mrefu kama kilima cha Salaita. Hapo ndipo nilipoharibika, kwa maana mtu akishajisifia kanuni mbele ya watu, kanuni ile humpanda mgongoni.

Kama saa sita hivi akaja msichana mwembamba, amefungwa kaniki begani, mama yake nyuma amebeba kikapu cha maharage. Nikauliza jina. "Mkanjala," akasema, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikamwambia aguse sikio. Akainua mkono wa kushoto, akaupitisha juu ya utosi, vidole vikalifikia sikio la kulia na kulivuta kabisa. Mimi nikagonga meza. "We! Huo ndio mkono wa kusalimia wakubwa? Wa kulia!" Watu wakacheka. Mtoto akamtazama mama yake. Akainua wa kulia, polepole, ukafika kwenye nyusi, ukasimama hapo kama umefungwa kamba.

"Bado," nikasema. "Mwakani."

"Mwalimu," mama akasema, "huyu ni wa wakati wa njaa. Jina lenyewe si linakwambia?"

"Mama, mimi siandikishi majina. Naandikisha masikio."

Wakacheka tena, mimi wa kwanza. Na Mtaita yeyote anajua kwamba Mkanjala ni mtoto aliyezaliwa njaani, na njaa ile ya wakati wa vita hakuna aliyeisahau; mtoto yule alikuwa na miaka minane, anaelekea tisa. Nilijua. Sikuhitaji sikio la mtu. Lakini nilikuwa nimemrudisha mjukuu wa mzee wa mtaa saa ile ile, na uwanja wote ulikuwa unanitazama. Mama akainama, akaokota kikapu chake, akasema, "Haya, Mwalimu," kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua haitanyesha.

Darasa la kwanza nililifundisha mwenyewe kila asubuhi. Ukuta wake wa nyuma ulielekea migomba, na juu ya migomba kulikuwa na mwamba mkubwa wenye pango ambamo wazee wa kale waliweka vichwa vya wafu wao. Vingine vilikuwa bado vipo, vimepangwa, vikitazama bondeni. Watoto walikuwa wakipita chini yake mbio. Wiki ya tatu nikauliza darasa, "Saba na sita?" Kimya. Nikauliza tena. Na kabla mtoto yeyote hajafumbua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Kumi na tatu." Darasa likaganda. Mtoto mmoja akaingia chini ya dawati na hakutoka mpaka saa ya uji. Nikatoka nje nikazunguka jengo. Niliona migomba inatikisika na mahali pa nyasi palipolala. Siku ya pili nikauliza nane na tano, ikajibu. Siku ya tatu nikawa nasoma nao silabi ubaoni, na sauti ikawa inasoma pamoja nasi, mbele kidogo ya wote, kama mtu anayewaongoza njia.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nikifunga baiskeli yangu nyuma ya kanisa, nikawasikia wanawake wawili upande wa pili wa ua.

"Wazee wa mwambani wamechoka kunyamaza. Sasa wanahesabu."

"Wanahesabu nini?"

"Watoto wetu, kwani wanahesabu nini? Wakifika hesabu yao watawachukua."

"Uuu! Wangu kesho haendi."

Na kweli Jumatatu madawati mengine yalikuwa matupu. Wiki iliyofuata yakazidi. Mimi huwa naongeza, lakini hapa siongezi: niliwahi kufundisha darasa la kwanza la watoto kumi na mmoja, wote wakitazama ukuta badala ya ubao. Na msimamizi wa shule alikuwa aje mwezi wa sita. Akikuta madawati matupu, darasa litafungwa, na hedimasta wa kusomea usiku atarudi kwenye magunia yake.

Mchana nilikula na Righa ofisini. Mke wake alikuwa akituletea pure katika bakuli la bati, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka, na Righa alikuwa na chumvi yake amefunga kwenye kitambaa, anaitoa kama bwana harusi anayetoa pete. Nikamwuliza, "Mwalimu, wewe unasemaje juu ya hii sauti?"

"Nasema inajua hesabu kuliko darasa lako."

"Sitanii."

"Mimi natania?" Akanipa chumvi. "Iache, Hedimasta. Haijamla mtu. Haitaki dawati, haitaki kibao, haitaki uji. Mwanafunzi wa namna hiyo utampata wapi?"

Righa alikuwa akifundisha darasa la pili katika chumba kilichofuata, na tangu wiki kadhaa alikuwa akifundisha kwa kupiga kelele, uso ameuelekeza ukuta wa nyuma, kila neno analirudia mara mbili. Nilikuwa nimemcheka, nikamwambia anazeeka masikio. Ukiniuliza leo kama nilijua sauti ile ilikuwa ya nani, nitakujibu kwamba niliijua siku ya pili. Ni sauti iliyoniambia jina lake uwanjani. Ningeweza kutoka nje, nikamshika mkono, nikamwingiza na kumpa kibao. Lakini watu wangesema, na mjukuu wa mzee wa mtaa je? Nikaona heri niwaondolee watoto hofu ya mzuka, na mzuka wenyewe nitaufikiria baadaye.

Alhamisi moja, katikati ya somo la asubuhi, nikamwita Righa aangalie darasa langu. Nikazunguka kwa chini, nikapita migombani nikinyata na viatu vyangu vile. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, mbele yake amepanga vijiwe kumi kumi, anavisogeza kwa mkono wa kushoto huku midomo inacheza. Hakunisikia. Nikamkamata mkono wa kulia, nikamvuta hadi uwanjani, nikagonga kile kipande cha reli kwa jiwe mpaka madarasa yote manne yakatoka. Hakulia. Alikuwa akinitazama tu, nadhani alidhani anaandikishwa. "Tazameni mzuka wenu!" nikasema. "Tazameni vizuri! Ana nyama, ana damu!" Na ili waliokuwa nyuma nao waone, nikauinua ule mkono juu kwa nguvu.

Ukelele alioutoa nimeusikia katika nyumba zote nilizowahi kulala. Kaniki ikaanguka. Tangu kwapani mpaka karibu na kiwiko ngozi yake ilikuwa imeungana, kovu la moto la zamani lililoushika mkono na ubavu kama utando wa mguu wa bata, na pale nilipovuta utando ulikuwa umechanika, damu inashuka ubavuni. Righa akaja, akavua koti lake, akamfunika, akambeba. Hakunitazama. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, "Wamemwona sasa." Akampeleka kwao mwenyewe, mguu mmoja mbele ya mwingine, juu ya mlima, na darasa la pili likabaki bila mwalimu mpaka jioni.

Siku ile ile niliandika jina lake katika rejista, namba arobaini na moja. Jumamosi nikapanda kwao. Ilikuwa nyumba ndogo ya nyasi ukingoni mwa shamba la mihogo, ndani kuna giza la moshi na harufu ya kimanga kinachopondwa. Mama Mkanjala alinipa kigoda, akapangusa bakuli, akanipakulia, mihogo na maharage yamepondwa pamoja, moto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema nimekuja kumchukua mtoto, nafasi yake ipo, jina lake limeandikwa.

"Aliangukia uji wa moto alipokuwa anatambaa," akasema. "Tulimfunga majani, mkono ukapona vibaya."

"Kwa nini hukuniambia, mama, siku ile?"

"Ulikuwa unacheka."

Nikashika bakuli. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema kidonda kimeanza kufunga, na shangazi yake aliyeolewa Taveta amekuja akaenda naye, akamsaidie kulea mtoto wake mchanga. Nikasema nitamwandikia shangazi barua. Akatabasamu kidogo, kwa adabu. "Mwalimu, ulitaka watoto wajue hakuna mzuka. Wamejua. Kula, kitapoa." Nikala chote. Sijapata kula chakula kizito kama kile.

Na kweli watoto walirudi. Madawati yalijaa pomoni. Msimamizi alikuja, akatembea kati ya mistari mikono nyuma, akaniandikia maneno mazuri kitabuni. Kitu ambacho hakukiona ni kwamba nilipouliza swali, darasa zima lilinyamaza na kugeuza macho kwenye ukuta wa nyuma, wakingoja. Si kwa hofu tena. Walikuwa wamezoea kuanziwa. Tulikuwa tunangoja pamoja, wao na mimi, na nyuma ya ukuta migomba inapigapiga majani, kisha mtoto mmoja anajibu kwa woga, mara nyingi anakosea.

Likizo ya Agosti nikapanda gari moshi la Taveta. Mwatate, Bura, Maktau, kisha nyika kavu isiyoisha, na mimi nimekaa dirishani na kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza magotini, nimekifunga kwa gazeti. Shamba la katani lilikuwa na laini za wafanyakazi, vyumba vimeshikana mgongo kwa mgongo, nikauliza nyumba hadi nyumba mpaka nikamkuta mbele ya mlango, mtoto mgongoni, anapepeta mahindi. Alikuwa amerefuka. Aliponiona aliurudisha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, chini ya mtoto. Sikusogea karibu. Shangazi akatoka akifuta mikono, nikamweleza mimi nani.

"Kumbe ndiye wewe," akasema shangazi, akanipima toka viatu mpaka kichwa. "Nilidhani ni mtu mzima."

Nikasema nimekuja kumwombea mtoto arudi shuleni. Akasema, "Na huyu wangu atalelewa na nani, Hedimasta? Na wewe? Akishatembea nitamrudisha. Januari. Si kabla." Nikaomba, nikabembeleza, nikatoa maneno yote niliyofundishwa kozini. Akarudi jikoni. Nikabaki na Mkanjala, na kitu cha kwanza alichoniuliza, cha kwanza na cha pekee, kilikuwa hiki: "Wamefika wapi?"

Walikuwa wamefika mbali. Walikuwa wanasoma hadithi fupi, walikuwa wameanza kujumlisha kwa mamia. Nikafungua kitabu pale tulipokuwa Alhamisi ile, ukurasa wa kumi na nane, silabi tupu. "Wapo hapa," nikasema. "Hawajasogea. Wanakungoja."

Akacheka. Mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka, na meno ya mbele yalikuwa yameota nusu. Akausoma ukurasa wote kichwa upande, bila kukosea. Nikamwachia kitabu. Akasema, "Waambie wasifunue mbele mpaka nije."

"Nitawaambia."

Januari shangazi hakuja. Nikashuka tena Taveta, chumba kile kilikuwa na watu wengine. Mume wa shangazi alikuwa amepata kazi kwingine. Mmoja akaniambia wamehamia Chala kulima, mwingine akasema wamevuka mpaka kwenda Tanganyika. Mama yake Mkanjala alikuwa amekwisha kuwafuata huko, nyumba ya ukingoni imefungwa kwa miti miwili. Tangu hapo nimewaomba akina Mkanjala wangapi wanionyeshe mikono yao, sokoni, hospitalini, harusini, mpaka mke wangu, Mungu amlaze pema, akawa anaona haya kutembea nami.

Lakini nilitaka kusimulia muhula ule wa tatu, niliporudi kutoka Taveta ile safari ya kwanza. Jumatatu asubuhi nikaliambia darasa la kwanza wafungue ukurasa wa kumi na nane. Wakashangaa, wakafungua, vitabu vichache, watoto watatu watatu kwa kitabu. Tukausoma. Jumanne tukausoma tena. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha, tuko hapo hapo, ba be bi bo bu, watoto wameshika kwa moyo hata wanaimba wakitazama paa. Nikawaambia nataka msingi imara. Wiki ya tatu, Righa akaja akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaniita kwa kidole. Tukasimama nje, chini ya ule mwamba. Nikamweleza yote, kitabu, shangazi, Januari, ahadi yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona akitafuta mzaha wa kuniambia, akaukosa.

"Mimi nilimfundisha yule miezi miwili kwa kupiga kelele," akasema. "Nataka arudi kuliko wewe unavyotaka. Lakini hao mle ndani ni watoto arobaini, na mama zao wamewaleta. Ingia, Hedimasta. Funua."

Nikaingia. Nikasimama ubaoni muda, sijui wangapi walidhani naumwa. Kisha nikawaambia wageuze ukurasa, na wakageuza wote kwa mara moja, kwa kelele za furaha, wakisukumana, maana ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na picha ya ng'ombe.